Barua ya Siku ya Ishirini na Nne

Kila Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi Mahakama ya Juu ya jimbo hutoa hukumu zake mtandaoni, na kila Ijumaa kwa miezi minne Lorna Stenvold alikuwa akijifungia chooni kiwandani. Kwenye mkanda unaopitisha mayai simu ni marufuku. Msimamizi wake alishamzoea, akawa anamtania mbele ya wenzake: "Lorna, hilo tumbo lako limemeza kalenda? Kila Ijumaa, saa mbili na nusu, halikosi!" Lorna alikuwa akicheka kwa mdomo tu, anaenda zake.

Alichokuwa akitafuta ni jina la mdogo wake. Dwight Stenvold, miaka arobaini na moja, fundi bomba, amefungwa miaka kumi na minne kwa dawa za kulevya zilizokutwa ndani ya sanduku la zana nyuma ya gari lake. Lorna ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, Dwight minne. Hajawahi kumwambia mtu kwamba mdogo wake ni malaika. Dawa zilikuwemo, zilikuwemo. Lakini polisi alimsimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma iliyoungua, basi. Akataka sanduku lifunguliwe. Dwight akamwambia mara tatu, sifungui, lete kibali. Kibali hakuna. Polisi akaenda kwenye gari lake, akarudi na mtarimbo, akavunja kufuli mchana kweupe. Jaji wa kaunti akasema hakuna ubaya. Hata mwendesha mashtaka, wakati wa kulitetea lile kufuli lililovunjwa, alikuwa akikohoa kohoa na kutazama viatu vyake. Kila mwenye akili alijua jambo hilo likifika juu litatenguliwa. Likifika.

Maana sheria ya jimbo inasema hivi: ukishahukumiwa, una siku thelathini za kumpelekea karani wa mahakama karatasi moja kusema unakata rufaa. Karatasi moja, jamani! Mistari miwili inatosha. Siku ya thelathini na moja umechelewa, na ukichelewa mlango umefungwa, hata kama umefungwa kwa kumuua mtu ambaye yuko hai anakunywa kahawa.

Wakili aliyepewa Dwight na serikali alikuwa Mzee Clifton Rademaker. Mji wa Tillersby wote unamjua. Nusu ya waliolala makaburini pale yeye ndiye aliyewaandikia wosia. Mtu mpole, koti lake limetiwa viraka viwikoni, hana makuu. Dwight alihukumiwa tarehe tatu Februari. Tarehe kumi na moja, mke wa Mzee Rademaker akafariki.

Sasa, Tillersby wana desturi yao, na desturi hiyo ilimponza Dwight kuliko zile dawa. Tillersby watu hawasumbuani. Jirani akifiwa, unaoka chakula kwenye bakuli la kioo, tambi na samaki wa kopo na jibini juu, unampelekea, unasimama jikoni kwake dakika tano, unasema theluji mwaka huu imezidi, unaondoka. Humuulizi kitu. Humwombi kitu. Anayemuuliza mfiwa habari za kazi ni mtu asiyelelewa, na sifa yake hiyo itafika kanisani kabla yake.

Lorna alipeleka bakuli lake tarehe ishirini. Alisimama jikoni kwa Mzee Rademaker ana swali moja: mzee, ile karatasi ya Dwight umeshapeleka? Akamwangalia. Mzee alikuwa amevaa soksi mbili zisizofanana, na shingo imebaki ndogo ndani ya kola.

"Theluji mwaka huu imezidi," akasema Lorna.

"Imezidi," akasema Mzee Rademaker.

Wakaishia hapo. Akarudi nyumbani anajisifu moyoni kwa adabu yake. Adabu! Mpaka leo akiikumbuka hutamani kujizaba kofi.

Alipiga simu tarehe saba Machi. Siku ya thelathini na mbili.

"Samahani sana, mzee, sitaki kukusumbua. Nilikuwa nauliza tu, rufaa ya Dwight imefikia wapi?"

Lorna akasikia saa ya ukutani nyumbani kwa mzee ikigonga.

"Rufaa gani, Lorna?"

Siku hiyohiyo Mzee Rademaker alikimbia mahakamani bila kofia kichwani, akapeleka karatasi, siku mbili amechelewa. Serikali haikungoja hata wiki. Ikaomba rufaa itupwe. Na mahakama ikampa mzee kesi yake mwenyewe, ikamkabidhi kwa kamati ya nidhamu ya mawakili, ajieleze.

Dwight akapewa wakili mwingine kutoka mji mkuu wa jimbo. Renata Szabo jina lake, mwanamke anayeongea kama mtu anayefukuzia basi. Alimpigia Lorna simu siku ya pili tu.

"Nisikilize, dada Lorna. Kuna tundu. Moja tu. Mahakama inaweza kumhurumia aliyechelewa, iwapo ataonyesha kwamba ndani ya siku zake alisema wazi anataka rufaa, na kuchelewa hakukuwa kosa lake. Lakini aonyeshe! Maneno matupu hawayataki."

"Dwight anasema aliandika barua gerezani. Kwa karani."

"Lini?"

"Wiki ya mwisho ya Februari."

"Haimo kwenye faili."

"Mwenyewe anaapa, mama."

"Faili haliapi. Nenda kamuulize karani, ana kwa ana."

Karani wa mahakama ya Kaunti ya Orrin ni Wilma Tisch. Yeye na Lorna wameimba kwaya moja miaka ishirini na mbili, Wilma sauti ya kwanza, Lorna ya tatu, na katika miaka yote hiyo hawajawahi kuinuliana sauti nje ya nyimbo. Lorna alimkuta kaunta, anapanga mafaili.

"Wilma, Dwight alikuandikia barua Februari?"

"Aliandika," Wilma akajibu bila kuinua macho. "Ilifika tarehe ishirini na saba. Naikumbuka kwa sababu bahasha ilikuwa imeandikwa kwa penseli."

Lorna alishika ukingo wa kaunta. Akahesabu kwa vidole chini chini. Siku ya ishirini na nne! Siku sita zilikuwa zimebaki, nzima nzima.

"Ilisema nini?"

"Kwamba anakata rufaa. Mwandiko mzuri tu, kwa mwanamume."

"Sasa mbona haimo kwenye faili?"

"Itakuwemoje? Dwight alikuwa na wakili." Wilma alisema hivyo kama anavyosema bei ya vitafunio kwenye mnada wa kanisa. "Mwenye wakili haniletei karatasi mwenyewe, huleta wakili wake. Akileta mwenyewe, naigonga muhuri wa kupokelewa, naitia kwenye bahasha nyingine, nampelekea wakili. Ndiyo kanuni. Kesho yake ilikuwa posta."

"Ukampelekea Rademaker."

"Si ndiye wakili wake?"

"Wilma! Rademaker alikuwa ametoka kumzika mkewe!"

"Najua. Si nilipeleka keki?"

"Ofisi yake iko ng'ambo ya barabara! Ile pale, naiona dirishani! Ulishindwa kuvuka ukamwambia, mzee, kuna barua hapa, ina siku zake?"

Wilma alivua miwani. Uso ulikuwa umemwiva. "Mtu kafiwa, Lorna. Nitamsumbuaje?"

Na Lorna, aliyekuja na maneno ya kujaza gunia, akalifunga gunia. Angesema nini? Yeye mwenyewe alisimama jikoni kwa mtu huyo akazungumzia theluji.

"Nakala unayo?" akauliza mwishowe.

"Kisichoingia kwenye faili hakina nakala."

Kwa hiyo ushahidi wote uliobaki duniani ulikuwa nyumbani kwa Mzee Rademaker, kama haukutupwa. Lorna alikwenda Jumamosi moja ya Juni, na safari hii hakubeba bakuli. Alipiga hodi, mlango ulipofunguliwa akasema yote kwa mkupuo mmoja asije akapoteza ujasiri: barua, penseli, tarehe ishirini na nane, posta. Mzee Rademaker alimsikiliza, kisha akasogea kando ampishe.

Loo! Barua zilikuwa kila mahali. Juu ya meza ya kulia, ndani ya matenga ya nguo chafu, kwenye kiti cha marehemu. Za umeme, za benki, kadi za rambirambi ambazo hazijafunguliwa hata moja.

"Nilikuwa nazileta kutoka ofisini," mzee akasema. "Nikijiambia nitazisoma kesho. Unajua ile kesho."

Walipekua pamoja saa mbili nzima. Lorna ndiye aliyeiona, chini ya tenga la pili: bahasha kubwa ya kaunti, haijafunguliwa. Akainua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake kulionekana kivuli cha bahasha nyingine ndogo.

"Ndiyo hiyo?"

"Nadhani ndiyo hii, mzee."

Mzee Rademaker aliketi juu ya kadi za rambirambi, hakujali. "Nimewaandikia kamati ya nidhamu," akasema taratibu. "Nikala kiapo kwamba sikupata neno lolote kutoka kwa Dwight. Niliamini hivyo, Lorna, Mungu ananiona. Ikitoka hii, mimi nimekwisha. Miaka thelathini na minane ya uwakili."

"Najua, mzee."

Alikuwa anajua, na kumhurumia alimhurumia. Lakini pia alijikuta amesimama kati ya mzee na jiko la kuni, bila kukusudia, mkono ulioshika bahasha ukiwa nyuma ya mgongo. Mzee aliliona hilo. Akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Usiogope. Ningeichoma, mke wangu angefufuka anitandike. Mpelekee yule mama wa mji mkuu. Na msiifungue, sawa? Waifungue wao wenyewe, waone kwamba mimi sikuifungua. Nitakula kiapo upya, niseme mlikoikuta."

Kwenye gari Lorna alilia kwa hasira. Ingekuwa rahisi mno kama mzee angekuwa mtu mbaya.

Renata Szabo alipoipeleka mahakamani ikafunguliwa mbele yake, karibu apasue simu. "Dada Lorna! Hii ni dhahabu! Muhuri wa karani, siku ya ishirini na nne, anasema wazi anataka rufaa! Wanataka nini tena?" Na Lorna, ambaye maisha yake yote hakuwahi kununua hata tiketi ya bahati nasibu, akajiruhusu kutumaini. Alipaka rangi upya chumba cha Dwight. Akamwambia kwenye simu ya gerezani asinenepe, nguo zake bado zipo kabatini. Majira ya joto yakapita, mahindi yakavunwa, na Ijumaa zikawa zinapita, yeye na choo chake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Lorna liliuma kweli, kwa hiyo hata yule msimamizi hakuwa ametania bure.

Ijumaa ya pili ya Novemba majina yote mawili yalikuwepo. Kesi mbili, moja chini ya nyingine. Akagusa kwanza ya juu, ya Mzee Rademaker.

"Tumeridhika kabisa," ndivyo majaji walivyoandika, "kwamba barua ya mshtakiwa, ikieleza wazi nia yake ya kukata rufaa, ilipokelewa na karani siku ya ishirini na nne, ikapelekwa kwa wakili, naye wakili akaiacha bila kuifungua." Wakamsimamisha uwakili siku tisini.

Lorna alijiziba mdomo kwa kiganja. Wameiona! Wameisoma! Imo humu, nyeusi kwenye nyeupe, barua ya mdogo wake! Akafungua ya pili mbio mbio.

"Mshtakiwa mwenye wakili hawezi kuiletea mahakama karatasi yeye mwenyewe. Karatasi ya namna hiyo ni batili tangu mwanzo, na mbele ya sheria haikuwahi kuwepo. Kwa kuwa ndani ya siku thelathini hakuletwa karatasi nyingine, wala mshtakiwa hakueleza nia yake kwa njia inayokubalika, mahakama hii haina mamlaka. Rufaa inatupwa."

Alisoma tena. Akapanda juu, akasoma ya kwanza, akashuka akasoma ya pili. Majaji saba walewale, asubuhi ileile. Watu husema sheria ni msumeno, hukata kwenda na kurudi. Uongo mtupu! Msumeno huu uliipata barua ukaikata upande mmoja, ulipogeuzwa ukasema mbao haipo. Barua ilikuwepo ya kutosha kumnyang'anya mzee wa watu kazi yake. Haikuwepo ya kutosha kumfungulia Dwight mlango. Waliotangulia walisema asiyekuwepo na lake halipo, na Dwight hakuwepo, alikuwa ndani amefungiwa. Wakachukua hata na barua yake wakaihesabu kuwa haipo.

Lorna alilipiga teke pipa la taka likaviringika mpaka ukutani.

"Lorna?" Msimamizi alikuwa anagonga. "U mzima humo?"

"Mzima!" akajibu kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mzima hata kidogo.

Akarudi kwenye mkanda. Kazi yake ni kutoa mayai yenye nyufa. Siku ile yalipita mengi, na yeye akayatazama yakipita.

Wakati wa chakula alimpigia Renata Szabo. Kwa mara ya kwanza mwanamke yule aliongea polepole.

"Nimeisoma, dada Lorna. Mara nne."

"Si wameikubali barua? Wameandika wenyewe!"

"Wameikubali kule. Huku hawakuikubali."

"Ni majaji walewale, mama!"

"Ni walewale. Mmoja amepinga wenzake. Kurasa mbili, ameandika vizuri sana, ametumia mpaka neno aibu."

"Kuandika vizuri kunamtoa mtu gerezani?"

"Hapana."

"Basi akaandike mashairi!" Lorna alipayuka, na wenzake wote kwenye meza ya chakula wakageuka. Aliona haya, lakini haya yenyewe ikamzidishia hasira.

Renata alimwacha apumue. Kisha akasema kazi yake yeye kwa Dwight imeishia na hukumu hiyo, lakini iko njia nyingine, ndefu: ombi jipya katika mahakama ya kaunti, kwamba Dwight aliangushwa na wakili wake. Mwaka mmoja, labda miwili. "Fomu namtumia leo. Aijaze mwenyewe, asaini mwenyewe, aitume kwa karani mwenyewe."

"Kwa karani," Lorna akasema. "Kwa Wilma."

"Kwa huyo huyo."

Wiki tatu baadaye, Ijumaa tena, Lorna aliomba ruhusa kazini mapema akaenda mahakamani, maana hakuwa tayari kuiachia posta wala karani kitu chochote tena. Tangu siku ile ya kaunta alikuwa ameacha kwaya. Wilma alimwona akiingia, akainuka kabla hajaulizwa.

"Imefika leo," akasema. Akaiweka fomu ya Dwight juu ya kaunta, akagonga muhuri, akageuza ukurasa wa mwisho, akagonga tena. Kisha akachukua jalada jipya na kuitia ndani, Lorna akishuhudia. "Imo kwenye faili."

Lorna hakuamini. "Mbona hii inaingia?"

"Kwa sababu sasa hana wakili."

"Kwa hiyo akiwa na wakili hasikiki, akiwa hana anasikika?"

"Ndiyo kanuni," Wilma akasema, lakini safari hii aliitamka kwa shida, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Lorna alinyoosha shingo asome ule ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na kisanduku, na Dwight alikuwa amekitia alama. "Hapa ameomba nini?"

"Apewe wakili. Wote huomba."

"Na akishapewa?"

Wilma alifunga jalada. "Akishapewa, asiniandikie tena. Nikipata kitu chake, nitampelekea wakili."

"Atapewa lini?"

"Jaji husaini hizi Jumatatu. Hii ijayo yupo likizo. Itakuwa ile ya pili." Wilma alitazama mlango wa ofisi ya ndani, akashusha sauti, akafanya jambo ambalo katika miaka thelathini ya ukarani hakuwahi kulifanya: akamwambia mtu asichoulizwa. "Siku kumi, Lorna. Chochote chake kitakachofika hapa ndani ya siku kumi nitakiingiza kwenye faili, hata kama ni orodha ya mboga. Na kilichoingia hakitoki. Majaji wote watakaokuja watakikuta. Mwambie aandike."

Lorna alimtazama rafiki yake. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumtikisa mabega. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Asante, Wilma," akasema, akatoka.

Dwight hupiga simu Ijumaa saa kumi jioni. Lorna alimsubiri ndani ya gari, kwenye maegesho ya mahakama, injini inaunguruma ili asigande. Kwanza ile sauti ya mashine: simu hii inatoka gerezani, simu hii inarekodiwa. Kisha mdogo wake.

"Dada! Theluji imeanza huko?"

"Achana na theluji! Nisikilize. Una karatasi?"

"Ninazo. Kwani vipi?"

"Andika. Andika yote. Taa ya nyuma, kufuli, ulivyomwambia hapana mara tatu, mtarimbo. Andika na ile barua, siku uliyoiandika na mlinzi uliyemkabidhi. Usimwachie wakili, wakili akija hutasikika tena. Una siku kumi tu, Dwight. Siku kumi za kuwa mtu."

"Siku kumi tangu lini?"

"Tangu leo. Na posta inakula siku nne, kwa hiyo uanze sasa hivi."

Nyuma ya Dwight watu walikuwa wanacheka, mlango wa chuma ukabamizwa.

"Kalamu imeniishia, dada. Ile fomu ndiyo iliyoimaliza. Na duka la humu hufunguliwa Alhamisi."

Lorna alihesabu kwa vidole juu ya usukani. Siku sita. Sita na nne za posta, kumi. Alifunga macho.

"Azima."

"Kuazimana ni kosa humu. Ukikutwa na kitu cha mwenzio unaandikwa kwenye kitabu cha makosa. Na mimi tangu niingie sijaandikwa hata mara moja, unajua. Najitahidi. Wanaangalia hayo mtu akiomba chochote."

Alikuwa anajua. Ndivyo alivyomlea: usichukue cha mtu, usimkatize mkubwa akisema, usigonge mlango wa watu wakati wa kula. Lorna alitazama dirisha la Wilma ghorofa ya pili na dirisha la Mzee Rademaker ng'ambo ya barabara, lenye giza, na kikaratasi cha kufungwa kikiwa kimebandikwa mlangoni. Watu waungwana watupu. Hakuna hata mmoja aliyemsumbua mwenziwe.

"Basi fanya kosa, mdogo wangu," akasema. Alisema kwa sauti kubwa, neno kwa neno, ili anayerekodi arekodi vizuri. "Azima kalamu. Wakikukuta nayo, waambie ni dada yako aliyekutuma. Lorna Stenvold, Tillersby, namba ya simu wanayo. Waambie wanisumbue mimi."

"Dada..."

"Dakika zinakwisha, Dwight. Kaazime."